Usiniletee Ua Bila Ganda

Petali nne, msalaba mdogo mweupe:
siku ya kwanza niliishia hapo,
nikaandika jina kwa wino, kwa haraka ya mtu anayejua.
Zihindula akaigeuza karatasi kuelekea dirishani,
akalisoma, akachekea puani.
"Ukoo wa haradali mzima huvaa msalaba.
Utamtambuaje mtoto wa Bagira kwa sare ya shule?
Usiniletee ua bila ganda."

Basi nikajifunza kuinama.
Kwenye ngazi za Kadutu, maji ya sabuni yakishuka, watu wakipanda,
nikapiga magoti na lenzi niliyoinunua Nyawera
kwa bei ya kilo mbili za maharagwe.
Wapita njia wakauliza, dada, umepoteza nini? Hereni?
Mmoja akaweka chini gunia la makaa
akanisaidia kutafuta.

Sikupoteza. Nilikuwa nahesabu
stameni sita, nne ndefu, mbili fupi
kama watoto waliochelewa kufika kwenye picha.
Hiyo nayo ni sare.

Ganda ndilo linalotaja baba.
Huyu amebeba vifuko vya umbo la moyo,
vipochi vitupu vya mwisho wa mwezi.
Huyu visahani bapa, kila kimoja na pengo kileleni;
kitafune, ulimi utawaka kama kwa figili.
Huyu wa manjano, wa kando ya kabichi za Mudaka,
ganda lake refu lina mdomo mtupu mwishoni.
Na yule wa msituni, juu Kahuzi, wa majani matatu matatu,
ganda lake limesimama wima, limenyamaza,
mpaka ulipapase,
ndipo hukutemea mbegu usoni.

Jani? Jani ni kigeugeu.
Kivulini hunenepa, juani hukonda,
mbuzi akilikata, linarudi na sura ya jirani.

Halafu ngazi ya arobaini na tatu:
kidogo, cheupe, kimekaa ndani ya ufa wa saruji.
Stameni nne.
Nilihesabu mara tatu, nikafuta lenzi kwa kitenge, nikahesabu tena.
Nne, na ganda hakuna.

Mama Nabintu aliuza sambaza hatua mbili juu yake.
Nikamwomba anilindie.
"Nilinde jani?"
"Wiki tatu tu, mama."
Akaangua kicheko, kisha akalivika ndoo mbovu isiyo na kitako,
na kila aliyetaka kumwaga maji pale aliambiwa
hapo ni mali ya serikali.

Mvua ya Jumapili ile hamkuisahau.
Mlima uliachia kuanzia ngazi ya thelathini kwenda juu.
Safari hii hakufa mtu.
Naandika tena: safari hii hakufa mtu.
Ndoo ilionekana chini kabisa, kwenye mtaro, nzima kama ilivyokuwa mbovu.

Nilimkuta Mama Nabintu upande wa pili, na beseni lilelile.
Nikaona haya kuuliza habari za mmea.
Akatoa gazeti lililokunjwa, limelowa mafuta ya samaki.
"Jumamosi niliona limezaa.
Na lile wingu sikuliamini."

Zihindula akafungua gazeti kwa kibanio.
Maganda yalikwisha kupasuka humo ndani, gizani,
kuta zake zimejikunja kama kamba za kiatu kipya,
na mbegu, nyekundu-kahawia, zimetawanyika
juu ya matokeo ya mpira.
Akanusa. "Huyu anarusha, kama wale wa Kahuzi.
Ndugu yao wa mjini.
Ila ananuka ziwa."

Nikachukua penseli, si wino.
Jina, na kando yake alama ya kuuliza, ndogo.
Mkusanyaji: Nabintu.
Mahali: Bukavu, Kadutu, ngazi ya arobaini na tatu.
"Ngazi hiyo haipo tena," nikasema.
Alikuwa tayari anapaka gundi.
"Andika hivyohivyo."